Tochi Haikuingia Maji

Nilikataa kusaini, na hata leo wakiniletea karatasi ile ile nitakataa tena, tena mbele ya mashahidi.

Karatasi yenyewe ilikuwa nusu ukurasa. Juu jina la idara, chini nafasi ya sahihi yangu, na katikati sentensi moja iliyopigwa chapa na mtu ambaye nguo zake hazijawahi kulowa kazini: "Tochi ya mfukoni imeingia maji kwa uzembe wa mtumiaji." Mtumiaji ndiye mimi. Uzembe nao eti ni wangu. Nikaisoma mara mbili, nikairudisha mezani, nikasema sina kalamu. Nilikuwa nimechomeka kalamu mbili kwenye kilemba.

Mimi ni fundi wa matangi. Maji mnayokunywa hupumzika kwanza kwenye matangi makubwa ya zege kule juu ya kilima, na lazima mtu aingie humo kila baada ya wiki chache atazame nyufa, kutu ya ngazi, tope lililolala chini na vali zinazovuja. Maji hupunguzwa mpaka yafike kiunoni, halafu unashuka kwa ngazi ya chuma kupitia mlango ambao mtu mwenye kitambi hapiti. Ukishafika chini huoni hata kiganja chako. Una kamba kiunoni, upande wa pili wa kamba ameushika mwenzako juu, na una tochi moja ndogo isiyopitisha maji. Ukiwa mle ndani, tochi ndiyo macho yako.

Kabla yangu wanaume wawili walijaribu kazi hiyo wakaingia mitini. Lakini mimi nilipoiomba, kila mtu akapata la kusema: mwanamke atawezaje, akipatwa na hofu je, nani atamvua. Nimeifanya miaka sita. Wakaniita Kambare, wakidhani nitanuna. Nikalipokea jina, nikaliandika kwa rangi nyekundu kwenye kofia yangu ya kazi.

Sasa sheria ya idara inasema hivi: ukiharibu vifaa vitatu kwa uzembe, unatolewa kazi za nje, unapelekwa dawati la malalamiko. Sina ugomvi na wanaokaa dawati la malalamiko, ni watu wenye subira kuliko mimi. Ila mimi nikae kwenye kiti kutwa nzima, nijibu simu za watu wenye hasira, huku matangi yangu anaingia mtu mwingine? Ningeanza kutapika moto siku ya pili.

Na tochi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilizima mwanzoni mwa mwaka, ya pili baada ya miezi miwili, ya tatu Jumanne ya wiki ile. Zote namna moja: asubuhi nyumbani inawaka vizuri, tangini inawaka kidogo, nikiigonga ukutani inazima, nikiigonga tena inakonyeza, halafu kimya. Jumanne nilikuwa katikati ya tangi namba mbili, mbali na ngazi. Nilisimama pale nikiwa nimelowa mpaka mbavuni, nikaivuta kamba mara mbili, na mwenzangu Nanga akanirudisha taratibu mpaka mkono wangu ukagusa chuma. Tunamwita Nanga kwa sababu akiikanyaga kamba hata trekta haliondoki. Nilipotoka alinitazama, akasema, "Dada, hizi tochi zina lao jambo."

Mtunza stoo alikuwa na jibu lake tayari. Huyu bwana ana mkono wa birika, hata msumari anautoa kama anatoa jino lake. Ukimpelekea kitu kilichokufa, anakiweka sikioni, anakitikisa mara moja, hakifungui, anaandika kwenye daftari: imeingia maji. Hata saa ya ukutani ya stoo ilipokwama aliandika imeingia maji, na stoo nzima haina hata bomba. Basi tochi zangu tatu zote akaziandikia hivyo hivyo, na jioni ile wale wapenda mizaha wa karakana wakaanza kusema kumbe si tochi tu, hata kichwa cha Kambare kimeingia maji. Niliwapa vidonge vyao, wakameza.

Jumatano asubuhi ndipo Msimamizi aliponiletea ile karatasi, akaiweka kwenye meza ya kazi karibu na koleo.

"Saini kabla ya saa nne," alisema. "Nisiipeleke makao makuu ikiwa tupu."

"Haikuingia maji."

"Fundi, tochi imetoka ndani ya maji, haiwaki. Unataka iwe imeingia nini?"

Watu walicheka. Msimamizi hakucheka, hacheki siku hizi. Zamani alikuwa fundi bomba kama sisi, alijifunza kazi kwenye karakana hii hii, na aliyemfundisha ni baba yangu mzazi. Nilimwona kwa macho yangu, nikiwa msichana wa shule, akipigwa kofi la mkono kwa kukata bomba upande. Alipopata ofisi na kiti cha kuzunguka, habari hizo akawa hapendi kuzikumbushwa. Mimi sikuwa namkumbusha. Siku ile ilinibidi nijizuie.

"Nipe mpaka saa nne basi," nilisema. "Nikithibitisha mbele ya watu kwamba haina maji, hiyo karatasi utaila."

Nanga alinikanyaga mguu. Lakini neno lilishatoka, na Msimamizi alishavuta kiti akakaa, mikono kifuani. Mtunza stoo naye akafunga stoo yake akaja, maana hapitwi na jambo. Nikajua leo ni leo.

Nilianza na mafuta ya mikono, nikayafuta yote kwa kitambaa. Halafu nikaifungua tochi mbele yao. Si kubwa, inaenea kiganjani: mwili wa bati gumu jeusi, mbele kioo, nyuma kifuniko chenye kitufe, ndani betri moja nene. Nikaitoa betri, kavu. Nikaingiza karatasi ya chooni mpaka ndani kabisa, nikaizungusha, nikaitoa. Kavu, haina hata doa. Nikampa mtunza stoo aishike mwenyewe, akaishika kwa ncha za vidole.

"Maji yameshakauka," alisema. "Imelala kabatini usiku kucha."

"Sawa."

Nikaweka karatasi nyingine kavu ndani, nikairudisha betri, nikafunga kifuniko, nikaitumbukiza kwenye ndoo iliyojaa maji mpaka juu. Nikaweka tofali juu yake isipande. Tukakaa. Robo saa nzima watu wazima tulikaa tunaitazama ndoo. Nilipoitoa nikaifuta nje, nikaifungua, nikaivuta karatasi. Kavu vile vile. Nanga akaikunja akaiweka mfukoni kama ushahidi.

"Haingizi maji," nilisema. "Leo haingizi, jana haikuingiza, na hizo mbili mlizozitupa hazikuingiza. Futa hiyo sentensi."

"Mbona haiwaki?" akauliza Msimamizi.

Hapo sasa. Nilibadilisha betri, nikatia mpya kutoka boksi, haikuwaka. Nikaikwaruza springi ya kifuniko kwa msasa mpaka ikang'aa, haikuwaka. Nikautazama ule mpira wa duara unaozuia maji, mzima, haujakatika wala kukauka. Nikazitazama nyuzi, ile mistari inayozunguka mahali kifuniko kinapojifungia, nikaona ziko sawa. Mafundi bomba watano walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akaishika, akaigeuza, akazitazama nyuzi, akasema ziko sawa. Saa ilikuwa tatu na nusu na jasho lilishanianza mgongoni. Mtunza stoo alikuwa anapiga miayo ya makusudi.

Wa mwisho kuja alikuwa Fyuzi, fundi umeme wa pampu. Ni mwembamba, mpole, kelele za karakana humkimbiza. Alikuja kuchukua bisibisi yake tu. Akatuona tumeduwaa, akauliza kuna nini, Nanga akamweleza.

Fyuzi akaichukua tochi, akaondoa kifuniko cha nyuma, akatoa kipande cha waya mfukoni. Ncha moja akaigusisha kwenye kitako cha betri, ncha nyingine akaibana kwenye ukingo wa ndani wa lile bati. Tochi ikawaka. Ikawaka kweli kweli, ikammulika mtunza stoo usoni mpaka akafunga macho.

"Taa nzima, betri nzima," alisema Fyuzi. "Ugonjwa uko kwenye kifuniko, au pale kifuniko kinapokutana na mwili." Akaisogeza karibu na macho yake. "Hii nyeupe ni nini?"

"Ipi?"

"Hii, kwenye nyuzi."

"Ni tepu," nilisema.

"Ya nini?"

"Ya kuzuia maji." Nilimjibu kama mtu anayeulizwa kwa nini amevaa viatu.

Fyuzi alitutazama sisi sote kwa zamu, watu wa mabomba, mmoja baada ya mwingine. "Na umeme upite wapi?"

Akatuwekea tochi mezani akaanza kutueleza polepole. "Umeme unatoka kwenye betri, unakwenda kwenye taa, halafu lazima urudi. Kurudi unapita kwenye mwili wenyewe, hili bati, unafika kwenye nyuzi, unavuka kwenda kwenye kifuniko, unashuka na springi mpaka kitako cha betri. Mahali pa kuvuka ni hapa kwenye nyuzi. Na hapa mmejenga ukuta. Ukikaza sana, bati linachana tepu kidogo, linagusana, inawaka. Ukigonga au ikilegea kidogo tu, basi."

Ningeweza kuingia chini ya meza. Ile tepu nyeupe nyembamba, mnaijua, ile ambayo fundi bomba huzungushia kwenye nyuzi za bomba kabla hajafunga kona. Tangu siku ya kwanza ya kazi nimeifunga mara elfu ngapi. Kwangu mimi uzi wenye tepu ni uzi uliovaa nguo zake, uzi usio na tepu ndio unaonishtua. Nimeishika tochi ile asubuhi nzima, nimeitazama, nimeiona tepu, na sikuiona. Wenzangu watano pia hawakuiona. Karakana nzima ilianza kucheka, na safari hii nami nikacheka, maana ushindi ulikuwa wangu. Haikuingia maji. Tulizuia maji mpaka tukauzuia na umeme.

Nikaanza kuibandua ile tepu kwa ukucha huku bado nacheka. Ikatoka mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Ilikuwa imefungwa vizuri, imelala bila kukunjana, na ncha yake ya mwisho haikukatwa kwa kisu, ilivutwa ikakatika kisha ikakandamizwa kwa ukucha wa kidole gumba. Wa tano, wa sita, wa saba. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Si mimi niliyeifunga. Mimi hufunga mizunguko mitano. Katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu anayefunga saba, si sita wala nane, na karakana hii ilimwita Fundi Saba miaka yote mpaka alipostaafu.

Baba anaishi nami tangu Mama alipofariki. Magoti yamekataa ngazi, lakini mikono haitaki kustaafu, kwa hiyo ameshika vifaa vyangu. Nikirudi jioni ananingojea kwenye mlango wa jikoni na mkono ameunyosha, hata habari za kazi hajauliza. Viatu anaviosha, mkanda wa kamba anaukagua mshono kwa mshono, tochi anaifungua, anaifuta, anaweka betri kwenye chaji, asubuhi anairudisha mkononi mwangu inawaka. Nilijua anaifuta. Sikujua kwamba kila jioni anaivalisha.

Na sheria inasema kifaa kilale stoo. Lakini stoo inafungwa saa tisa alasiri na mimi natoka tangini saa kumi, kwa hiyo kila fundi wa nje analala na vifaa vyake, na mtunza stoo anajua, na siku zote ameinamisha kichwa. Mpaka siku ile.

"Stoo yangu haitoi tochi yenye tepu," alisema, na miayo yote ilishaisha. "Mimi natoa kama ilivyotoka kiwandani. Hiyo imefungwa nje. Kampa mtu wa nje kifaa cha idara akifungue. Jamani, hilo ni kosa kubwa kuliko maji."

Niliikunja tepu ndani ya ngumi. Msimamizi alinyoosha mkono.

"Lete nione."

Sikumpa. Akaniinukia, akanifungua vidole mwenyewe, si kwa nguvu, akaichukua. Akaivuta ikanyooka juu ya kiganja chake. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Akafika mwisho, akaigusa ile ncha iliyokandamizwa kwa ukucha.

"Njoo ofisini," aliniambia. Kwa wengine akasema, "Rudini kazini."

Ofisini hakukaa kwenye kile kiti chake. Aliweka karatasi mezani, akaweka tepu juu ya karatasi, akafunga mlango.

"Kuna njia mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Unasaini hii ya maji, unapata onyo, unakwenda dawatini, yanaisha. Au naandika ukweli, kwamba ulimpa mtu asiye mfanyakazi kifaa cha idara, na hilo likifika makao makuu hutakwenda dawatini wala wapi. Utamwaga unga. Na aliyefunga naye wataandika jina lake. Ya maji ni nafuu, dada. Nakusaidia."

"Tochi iliingia maji?"

"Hatuko huko sasa."

"Nauliza. Iliingia maji au haikuingia?"

Akapumua. "Haikuingia."

"Basi unataka nisaini uongo ambao wewe mwenyewe unajua ni uongo. Sisaini." Nilisikia sauti yangu inapanda na sikuishusha. "Sisaini leo, na kesho usinijie. Miaka sita naingia kwenye giza lile ili watu wanywe maji safi, halafu mnaniandikia uzembe kwa sababu kuna mtu hataki kufungua kifuniko akatazama ndani. Na jina la aliyefunga mimi sikutajii."

"Sihitaji unitajie."

"Najua huhitaji. Nimekuona ukihesabu." Nikachomoa kalamu moja kutoka kwenye kilemba, nikaiweka juu ya karatasi. "Kalamu hiyo hapo. Kama jina liende makao makuu, andika wewe. Mkono huo nani aliufundisha kushika spana? Uandike nao. Mimi nitakaa hapa nikutazame."

Nilivuta kiti nikakaa kweli. Nilitaka aone kwamba sijali, kwa hiyo nikakunja nne. Aliichukua kalamu. Nilimtazama. Aliivua kalamu kifuniko chake, akaiinamisha kwenye karatasi, ikasimama hapo bila kuandika. Nje nilisikia mtu anapigapiga bomba, na kivuli cha mtunza stoo kikipita na kurudi kwenye kioo cha mlango.

"Anaendeleaje Mzee?" aliuliza mwishowe.

"Magoti."

"Bado anafunga saba."

"Bado."

Akaiweka kalamu chini. Nilidhani yamekwisha, lakini mtu wa ofisi hakubali kushindwa kirahisi namna hiyo. "Tangi namba mbili halijakaguliwa tangu jana," alisema. "Utaingia sasa hivi, na tochi hii hii, bila tepu. Ikizima humo ndani kwa sababu yoyote ile, utasaini. Isipozima, sitaki kusikia tena habari hii."

"Na usiisikie kweli," nilisema, nikachukua tochi yangu.

Fyuzi ndiye aliyeziosha zile nyuzi kwa mswaki mkavu, zikang'aa. Alinipakia grisi kidogo sana kwenye ule mpira wa duara peke yake, kiasi cha kichwa cha kiberiti, akaniambia nikaze mpaka mwisho, nisiache hata robo. Nanga akafunga kamba. Msimamizi alikuja mwenyewe mpaka juu ya tangi, na viatu vyake vya ofisini, akasimama kwenye ukingo.

Nilishuka. Maji yalinipokea kiunoni, ya baridi kama kawaida yake. Nikawasha. Nilikwenda mpaka ukuta wa mbali ambao Jumanne sikuufikia, nikaupapasa wote, nikakuta ufa mmoja mpya mwembamba, nikauwekea alama ya chaki. Halafu, kazi ilipokwisha, sikutoka. Niliigonga tochi ukutani, ile namna iliyokuwa ikiizima. Ikawaka. Nikaigonga tena kwa nguvu. Ikawaka. Nikaizamisha ndani ya maji, nikaiacha imelala chini kwenye tope, nikasimama kando yake mikono kiunoni. Maji yote yakawa meupe mpaka kwenye kona za tangi. Sijawahi kuliona lile tangi lote kwa mara moja.

"Vipi huko?" Msimamizi aliita kutoka juu.

"Chungulia mwenyewe."

Akachungulia. Alikaa muda mrefu ameinama pale mlangoni. Nilipotoka hakuniomba radhi, na mimi sikumngojea. Aliikunja ile karatasi ya uzembe mara nne akaitia mfukoni. Kisha akamwita mtunza stoo aliyekuwa amesimama chini kabisa kwenye ngazi ya nje, akamwambia kwamba kuanzia kesho stoo itafungwa saa kumi na moja, mafundi wa nje wakisharudi, na kila tochi ataifungua mwenyewe na kuitazama ndani kabla hajaandika neno lolote. Nanga alicheka mpaka kamba ikamponyoka.

Nilirudi nyumbani jua bado liko juu. Baba alikuwa mlangoni, mkono ameunyosha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Lete."

Nilimpa. Alikwenda nayo mezani, akakaa, na pale mezani palikuwa na kitambaa chake safi, chaja, na kibiringo cha tepu nyeupe kikiwa tayari kimechomolewa ncha. Jana na juzi kilikuwepo pale pale, na macho yangu yalipita juu yake. Aliifungua tochi, akazitazama nyuzi, akakunja uso.

"Nani amevua tepu yangu?"

Nilikuwa nimeshapanga la kusema. Njia nzima kutoka kazini nilikuwa napanga: nitamwacha afunge, asubuhi nikitoka getini nitabandua. Kila siku. Mzee ana furaha gani nyingine siku hizi zaidi ya zile dakika zake kumi za jioni? Ilikuwa rahisi, na isingemuumiza mtu. Lakini asubuhi yote nilikuwa nimekataa kuweka sahihi kwenye uongo mdogo ambao nao ulikuwa wa kunisaidia. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye.

"Nimeibandua mimi, Baba. Tepu ndiyo ilikuwa inaizima."

Nikamweleza. Sikumumunya maneno, kwa sababu yeye mwenyewe hapendi mtu anayemumunya. Nikamwambia jinsi umeme unavyorudi kupitia bati, jinsi unavyovuka kwenye nyuzi, jinsi tochi tatu zilivyokufa. Habari ya karatasi na dawati nikampa pia, kifupi. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya zile nyuzi tupu, kinazunguka, kinarudi.

"Tatu," alisema.

"Tatu."

"Mara tatu ulikuwa humo ndani ya maji, huoni. Na aliyekuzimia taa ni mimi."

Sauti yake ilikuwa imekatika katikati. Sijawahi kumsikia hivyo, hata siku tuliyomzika Mama. Hasira zikanipanda, si juu yake, juu ya jambo lenyewe, kwamba mtu huyu anyang'anywe hata hiki alichobakiwa nacho.

"Na mara tatu nikatoka, Baba," nilimwambia. "Nitazame. Nimekaa hapa."

Akanitazama. Akakichukua kile kibiringo cha tepu, akakitia kwenye droo, akaisukuma droo ikafungika. Kisha akaisogeza tochi upande wangu, na kifuniko chake, na betri, vyote vikiwa vimepangwa kwenye kitambaa.

"Haya," alisema, akavuta kiti chake karibu na changu. "Nifundishe inavyofungwa."